Mwamuzi wa Kituo cha Kwanza

Kama kuna mji duniani unaoweza kumfundisha mtu mzima kwamba neno lake si kitu, mji huo ni Guangzhou. Mutiso aliishi humo miaka kumi na minne, akifunga na kusafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa kutoka ofisi ya chumba kimoja pale Huanshi Zhonglu, na kila siku ya Mungu alisema jambo likakataliwa. Akitaja bei, laoban, mwenye duka, anatikisa kichwa. Akiulizia rangi ya bluu, meiyou, hakuna. Akiomba mzigo utoke Alhamisi, bu xing, haiwezekani, na anayemjibu wala hainui macho kutoka kwenye simu. Angekuwa mtu wa hasira angeshapasuka mishipa zamani.

Lakini Jumapili alasiri, baada ya kanisa, Mutiso alivaa shati la samawati na suruali ya kijivu, akapanda treni ya chini ya ardhi hadi ng'ambo ya mto kwenye uwanja wa shule moja ya ufundi, na hapo neno lake lilikuwa sheria. Akisema mtu ametoka, ametoka. Akisema amefika, amefika. Wanaume wenye maduka ya orofa tatu na mainjinia wenye madereva wao waliutazama mkono wake na kutii. Tusidanganyane: aliipenda saa ile kuliko chakula.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Mutiso aliwahi kuwa mwalimu wa michezo Machakos, na kabla biashara haijamvuta alikuwa mwamuzi wa sofboli, ndugu yake besiboli, katika mashindano ya vyuo vya ualimu. Miaka mitatu iliyopita alikuwa akirudi kutoka kwenye ghala la mizigo, akasikia zogo uwanjani, akasimama kuchungulia kwenye uzio. Timu mbili zilikuwa zimeshikana mashati. Mwamuzi alikuwa binamu wa mmoja wa wachezaji. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mzee Pang, mwamuzi mkuu, alipogeuka na kumwona Mwafrika asiye na ndugu wala jamaa pale, akamwuliza kwa kukata tamaa, "Wewe umeona?" Mutiso akajibu kwa Kichina chake cha sokoni kwamba mpira ulitangulia, tena akaonyesha mguu ulikuwa wapi na mpira ulikuwa wapi. Alisema kwa namna ambayo hakuna aliyebisha. Tangu siku hiyo akapewa kituo cha kwanza, na jina jipya: Mwalimu Mu.

Kituo cha kwanza ndicho chenye ugomvi. Mpigaji akiupiga mpira ardhini, anatupa gongo na kukimbia kuelekea kile kibao cheupe. Mpinzani anauokota mpira na kumrushia mlinzi anayesubiri pale pale kibaoni. Mpira ukiingia kwenye glavu ya mlinzi kabla mguu haujakanyaga kibao, mpigaji yuko nje. Mguu ukitangulia, amefika salama. Tofauti mara nyingi ni ndogo kuliko kupepesa jicho, na macho ya binadamu hayawezi kuwa chini kibaoni na juu kwenye glavu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo waamuzi wana siri yao, ambayo wala si siri: jicho linautazama mguu, sikio linausikiliza mpira. Ngozi ya glavu ikipokea mpira hulia "pa!" Ukiona mguu kwanza, amefika. Ukisikia pa kwanza, ametoka. Nusu ya kazi ni ya sikio.

Na sikio la kulia la Mutiso lilikuwa limekufa tangu Pasaka.

Yeye alilaumu selotepu. Mtu yeyote aliyeishi Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini humo, anaujua ule mlio: selotepu pana ya kahawia ikivutwa juu ya marobota, kraaa, kraaa, asubuhi hadi usiku, miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyekuwa akiivuta. Kwanza alidhani ni nta, akatia mafuta ya uvuguvugu. Kisha akadhani ni mafua. Mwikali, mkewe, aliye Nairobi na duka lao, alimwambia kwenye simu, "Baba Ndanu, mbona siku hizi unanipigia kelele kama niko ng'ambo ya bonde? Enda hospitali." Alikwenda. Daktari alimwekea vifaa masikioni, akabonyeza vidude, akaandika karatasi. Sikio la kulia: hakuna. La kushoto: lingali zima, litunze.

Hakumwambia mtu. Alichofanya ni kubadili namna ya kusimama. Alisimama upande, shingo ameipinda, sikio la kushoto limeelekea glavu, kama kuku aliyehisi mwewe. Ajabu ni kwamba watu walidhani ni utaalamu. Waamuzi wawili vijana wa viwanja vingine walianza kumwiga, nao wamepinda shingo na masikio yao mazima, na Mutiso akiwaona alikuwa hajui acheke au alie. Mficha maradhi, kifo humuumbua; methali hiyo aliijua, alikuwa mwalimu. Lakini alijiambia, msimu uishe kwanza.

Msimu uliishia Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, fainali, Yide Lu dhidi ya Kiwanda. Yide Lu walikuwa wauza vitu vya kuchezea watoto na vifaa vya shule wa mtaa wenye jina hilo, watu wa vitambi na vicheko, chini ya kocha wao Mama Liao, mwenye duka la madaftari na sauti ya king'ora. Kiwanda walikuwa mainjinia wa Kijapani wa vipuri vya magari, wanaopiga saluti wakiingia uwanjani. Nahodha wao, Sakamoto, ndiye aliyekuwa mlinzi wa kituo cha kwanza, mtu mkimya, mnyoofu, asiyepoteza neno.

Siku hiyo Mutiso alikuwa na mshangiliaji wake mwenyewe. Désiré, rafiki yake wa Lubumbashi, anayenunua nguo Zhanqian Road, alikuja na tarumbeta la plastiki alilolitoa kwenye duka la vitu vya watoto.

"Mon frère, bachezaji bote beko na bantu ya kubapigia makofi," alisema. "Arbitre njo hana mutu. Leo eko naye."

"Mwamuzi hashangiliwi, Désiré."

"Ni kwa sababu hajakuwa na mutu wa Katanga."

Hakuelewa mchezo hata chembe. Alijisimamisha nyuma ya uzio, hatua chache kutoka kituo cha kwanza, upande wa kushoto wa Mutiso. Mutiso aliona, akataka kumwambia asogee. Lakini angesema kwa nini? Akamwacha.

Mchezo ulikwenda hadi zamu ya mwisho kabisa, nne kwa nne. Kanuni ya ligi ilikuwa wazi: sare ikitokea, kombe linakwenda kwa timu iliyoshinda mechi nyingi zaidi msimu huo, na hao walikuwa Kiwanda. Yide Lu walihitaji bao moja. Walikuwa na mtu kituo cha tatu, amechuchumaa tayari kukimbilia nyumbani, kibao cha mpigaji, alete bao. Walikuwa pia wameshatolewa wawili. Wa tatu akitolewa, basi. Na aliyekuja kupiga alikuwa Guo.

Ole wao, watu walisema moyoni. Guo alikuwa muuza baluni, miaka arobaini na saba, mnene, mpole, mtu anayeomba radhi hata kwa mbwa. Msimu mzima hakuwa amefika kituo cha kwanza kwa gongo lake mwenyewe. Hata mara moja.

Mara mbili alipiga hewa. Ya tatu akaugusa. Mpira haukuruka, ulitambaa kwenye majani kana kwamba umechoka, mlinzi wa katikati akaja mbio, akauokota, akaurusha kwa nguvu zake zote kwa Sakamoto. Guo alikimbia. Hakuna aliyewahi kumwona Guo akikimbia namna ile. Kofia ilianguka, shati likachomoka, mdomo wazi. Yule wa kituo cha tatu alikuwa ameshavuka nyumbani. Lakini Guo akitolewa, bao hilo halihesabiwi; kila kitu kilibaki kwa mguu wake.

Mutiso alikaza macho kibaoni, shingo ameipinda, akisubiri pa. Akauona mguu ukishuka. Na hapo hapo Désiré, kwa furaha ya kuona mtu mnene akikimbia, akapuliza tarumbeta.

Upande wa kushoto wa dunia ukawa tarumbeta tupu. Upande wa kulia, kimya. Mguu ulikuwa kibaoni, na pa haikuja. Au ilikuja? Mutiso aliinua macho. Mpira ulikuwa ndani ya glavu. Sakamoto alikuwa ameanza kuondoka kwenye kibao, uso umetulia kama mtu aliyemaliza kazi yake. Guo alikuwa ameinama, mikono magotini, uso wa mtu anayengoja kukaripiwa. Uwanja mzima ulimtazama Mutiso, na mwamuzi anayekawia ameshaharibu. Ngumi yake ikapanda.

"Auti!"

Kiwanda wakarukiana. Désiré akapiga kelele, "Bien jugé!" umeamua vyema, bila kujua nini kimeamuliwa.

Mutiso alijua pale pale alichofanya. Hakuamua kwa jicho wala kwa sikio. Aliamua kwa nyuso. Mwenye uso wa mshindi alimpa, mwenye uso wa kuomba radhi akamnyima. Ndivyo alivyofanyiwa yeye katika maduka ya mji huu kila siku ya kazi, kuangaliwa usoni na kuambiwa hakuna, na leo yeye ndiye aliyefanya.

Mama Liao alikuwa ameshafika, kidole mbele. "Mguu! Mguu ulitangulia! Hata kipofu ameona!" Nyuma yake simu zilitolewa kumi na mbili, watu wakasonga vichwa kutazama video. Video zote zilionyesha mgongo wa Sakamoto na nusu ya tumbo la Guo. Kibao hakikuonekana. Mzee Pang akaja polepole kutoka kibao cha mpigaji, akawaambia kwamba video haziamui ligi hii na uamuzi ni wa Mwalimu Mu. Kwa hiyo Mutiso alikuwa amesalimika. Hakuna ushahidi duniani ungeweza kumgusa.

Ndipo Guo akamshika Mama Liao mkono.

"Acha, Mama," alisema taratibu. "Hata mimi nilidhani nimefika. Nilikisikia kibao chini ya kiatu, halafu ndipo mpira ukalia juu yangu. Lakini Mwalimu Mu amesema nimetoka. Yeye hakosei. Itakuwa ni tamaa yangu tu iliyonidanganya." Akamgeukia Mutiso, akainamisha kichwa kidogo. "Asante kwa kazi," akasema, akaenda kuokota kofia yake.

Laiti angemtukana. Tusi Mutiso angelibeba, mgongo wake ulizoea. Lakini mtu kukanyaga kibao kwa mguu wake mwenyewe, mara ya kwanza katika msimu, kisha akaukana mguu ule kwa sababu anaamini neno lako kuliko mwili wake! Angeweza kunyamaza. Kombe lingetolewa, msimu ungeisha, na Machi ijayo angekuwa hapa tena amepinda shingo, Mwalimu Mu asiyekosea. Akisema, hakutakuwa na Machi. Mwamuzi kiziwi hata ligi ya watoto haimtaki.

Alimwendea Pang.

"Mzee, naomba msaada. Sikuipata."

Pang akamtazama. Kanuni inasema mwamuzi mmoja havunji uamuzi wa mwenzake mpaka aombwe, na katika miaka mitatu Mutiso hakuwa ameomba hata mara moja.

"Unaomba kweli?"

"Naomba."

"Mguu," Pang akasema. "Kwa nafasi ya kupitisha kiganja. Nilikuwa nyuma yake."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Mutiso alirudi kituo cha kwanza, kila hatua nzito. Akaitandaza mikono yake miwili pande zote, kama mwamuzi anavyofanya. "Sefu. Amefika. Nilikosea mimi."

Yide Lu walilipuka. Guo alikalia majani, kofia mkononi, akalia kwa sauti. Lakini Kiwanda nao wakasahau saluti zao, na sasa makelele yalitoka kwao, mpaka Sakamoto aliponyanyua mkono. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwalimu Mu ananunua madaftari kwa Mama Liao," alisema, kila neno peke yake. "Kila Ijumaa yuko dukani kwake. Ijumaa iliyopita alitoka na mfuko wa kamba wakavu. Mtu wetu alimwona."

Ilikuwa kweli. Kamba wale walikuwa zawadi ya mteja, kama anavyopewa kila mteja. Mutiso aliona macho yakimgeukia, hata ya Yide Lu, na katika macho yale aliona shaka, ambayo kwa miaka mitatu hakuwahi kuiona hapa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Na yeye sasa walimweka kundi hilo. Kichekesho gani hiki? Alipodanganya walimwamini, aliposema kweli akawa mla rushwa.

"Sikuusikia mpira," alisema.

"Umesikia mipira yetu miaka mitatu," Sakamoto akajibu. "Ni huu tu hukuusikia?"

"Sikio hili limekufa." Akaligusa. "Tangu mwezi wa nne. Nimewaficha."

Mtu mmoja wa Kiwanda akacheka. "Kila mtu anaweza kujifanya kiziwi."

"Masikio yanaweza kujifanya," Mutiso akasema. "Kope haziwezi." "Nahodha, simama nyuma yangu na glavu yako, hapa, karibu na sikio la kulia. Mrushaji wenu aurushe mpira kwa nguvu zake zote. Mara kumi. Mimi nitaziba la kushoto. Mzee Pang asimame mbele ayatazame macho yangu. Mtu mwenye sikio zima, glavu ikilia shubiri moja nyuma ya kichwa chake, atapepesa. Hata akitaka asipepese, atapepesa. Nikipepesa mara moja, kombe ni lenu na jina langu litupeni."

"Mutiso, hapana!" Désiré alipiga kelele kutoka kwenye uzio. Hakuelewa Kichina kile, lakini alimwona rafiki yake akionyesha kichwa chake na mrushaji akipimiwa hatua. "Banataka kukufanya nini? Ule mupira itakupasula kichwa!" Aliruka uzio na suruali yake nzuri, ikachanika, akaja kusimama nyuma ya Pang.

"Tulia, ndugu. Hawanipigi. Simama tu hapo."

Sakamoto alisita. Pengine hakutarajia mtu akubali kumpa kisogo mpira unaokuja kwa kasi ile, na glavu ya mtu anayemshuku ndiyo kinga pekee. Kisha akaenda nyuma yake, akachuchumaa kidogo, akaiweka glavu pale alipoambiwa.

Mutiso aliziba sikio la kushoto kwa kiganja, akakandamiza mpaka damu yake mwenyewe ikavuma ndani ya kichwa. Ulimwengu ukazimika. Alikuwa hajawahi kukaa ndani ya kimya hicho hadharani. Nyumbani aliogopa hata kukijaribu. Aliyainua macho juu ya kichwa cha Pang, juu ya uzio, kwenye mlingoti wa taa ambao ulikuwa haujawashwa, akayaacha hapo. Alimkumbuka Mwikali. Alifikiri atamwambiaje. Aliona uchungu, uchungu hasa, wa mtu anayeaga mahali anapopapenda.

Akasubiri. Jasho lilimtiririka puani. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya majengo, na kijasho kile kikaanza kupoa. Akawaza kwamba wanabishana huko nyuma, au mrushaji ameogopa, au Sakamoto amebadili mawazo. Haya yote yanachukua muda gani? Mkono wa kuziba sikio ulianza kumuuma. Mwishowe hakuweza kuvumilia. Aliyashusha macho kutoka kwenye mlingoti.

Pang alikuwa amevua kofia. Mama Liao alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono miwili. Guo hakuwa akimtazama Mutiso, alikuwa akitazama chini. Hakuna aliyekuwa akicheka.

"Désiré," Mutiso akauliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi, "kwani hawajaanza?"

Désiré alikuwa akilia waziwazi. Aliona hakuna haja ya kumjibu kwa mdomo. Akainua mikono yake yote miwili mbele ya uso wa rafiki yake, akamfungulia vidole kumi.